Nywele nyembamba na chache: kabla hujanunua chupa nyingine, angalia beseni

Kila juma kuna mtu anayeniletea kishungi cha nywele kilichofungwa ndani ya karatasi, ametembea nacho kutoka mitaa ya Ndosho au Katindo hapa Goma kama anayepeleka kipimo maabara. "Yaya, angalia. Nywele yangu inaisha." (Yaya kwetu ni dada mkubwa.) Sijibu kwanza. Nachukua beseni jeupe, natia maji kina cha vidole viwili, nazitawanya humo, kisha tunainama wote wawili kama watu wanaochambua mchele.

Tunachotafuta ni kipunje. Unywele uliong'oka una kipunje cheupe upande mmoja, kidogo kuliko kichwa cha pini, na urefu wake ni sawa na urefu wa nywele zako zote. Unywele uliokatika hauna kipunje, na mara nyingi ni kipande tu: sentimita mbili, nne, saba. Kung'oka kunaanzia chini ya ngozi, na chanzo chake kiko mwilini au kwenye msuko unaovuta. Kukatika kunatokea njiani, na chanzo chake ni mikono, maji, kitambaa na chanuo. Anayemeza vidonge kutibu kukatika, au anayepaka mafuta kutibu kung'oka, anatupa franka zake ziwani.

Kwa hiyo kila nitakapokuuliza swali hapa chini, jibu litoke kwenye beseni.

Nyepesi maana yake nini?

Hapa Goma tunasema "nywele nyepesi" na tunamaliza. Neno hilo moja linabeba mambo mawili. La kwanza ni wembamba wa unywele mmoja mmoja. Chukua mmoja, uviringishe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukiusikia waziwazi kama uzi wa cherehani, si mwembamba. Ukilazimika kuangalia ili ujue kama bado umeushika, huo ni mwembamba. La pili ni uchache. Nywele zikiwa kavu, zimefumuliwa, hujachana njia yoyote, simama karibu na dirisha mbele ya kioo. Ukiona ngozi ya kichwa bila kuitafuta, ni chache.

Mtu anaweza kuwa na nywele nyembamba lakini nyingi, akaonekana ana kichaka. Mwingine ana nene lakini chache. Mimi nina nyembamba na chache pamoja, na nikizinyoosha zinanifika katikati ya mgongo, kwa hiyo usikubali kuambiwa nywele za namna hii haziwi ndefu. Kinachoshindikana ni kuziongeza idadi. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000 kwa wastani, wengine zaidi, wengine pungufu, na mashina yote ulizaliwa nayo. Hakuna mafuta yanayopanda shina jipya.

(Na kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama, kiache. Unywele wenye mafuta kidogo utaelea hata ukiwa umeharibika kabisa.)

"Hazikui. Mwaka mzima ziko hapo hapo begani."

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na karibu kila mara beseni linaonyesha vipande visivyo na kipunje. Tupige hesabu. Nywele zetu za kujikunja hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, za wengine pungufu kidogo. Kwa mwaka ni kama sentimita 10 hadi 12. Kama Januari zilikuwa begani na Desemba bado ziko begani, basi zilikua sentimita 10 na zikakatika sentimita 10. Huamini? Angalia msuko wako wa wiki sita. Ile nafasi iliyojitokeza kati ya ngozi na pale msuko ulipoanzia ndiyo ukuaji wenyewe, umeuona kwa macho.

Sasa tuutafute mkatiko uko wapi.

Ukiwa kwenye ncha, tandaza nywele chache juu ya kitambaa cheusi. Utaona ncha zilizogawanyika kama mguu wa kuku, au nukta nyeupe ndogo mahali ambapo gamba la nje la unywele limepasuka. Kwenye nukta hiyo ndipo utakatika wiki ijayo, kwa kugusa tu. Hakuna krimu inayounganisha tena. Kata juu ya nukta, kwa mkasi wa nywele, si ule wa jikoni uliokata samaki jana. Sentimita moja kila miezi mitatu au minne inatosha, nawe utabaki na faida ya sentimita mbili tatu.

Ukiwa katikati, vipande vina urefu usiolingana na vimejaa kwenye chanuo, basi kosa liko kwenye kuchana. Unywele mwembamba una matabaka machache ya gamba la kuulinda, na ukilowa unavutika kirahisi na nguvu zake zinapungua. Ukiuchana ukiwa mkavu kabisa unavunjika. Ukiuchana umelowa bila kitu cha kuutelezesha unavutika hadi unaachia. Gawa kichwa mafungu sita au nane. Tia kondishona kwenye fungu moja, fungua mafundo kwa vidole, kisha chanuo lenye meno mapana, kuanzia ncha kupanda juu. Na usikilize. Chanuo likipita vizuri halina sauti. Ukisikia linalia kama chumvi iliyotupwa motoni, simama hapo, rudi kwa vidole. Mimi kichwa changu kinachukua dakika arobaini, na sijawahi kumaliza kwa ishirini bila kulipia.

Kuna wanaochana vizuri na bado zinakatika. Hapo jaribu unywele mmoja uliolowa: uvute polepole. Ukirefuka kidogo na kurudi, uko sawa. Ukirefuka, ukarefuka, na kubaki umelegea kama tambi iliyopikwa kupita kiasi, umepungukiwa na protini. Hii ni kawaida kwa nywele zilizotiwa rangi au zilizowahi kunyooshwa kwa dawa. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, unataka unyevu, au umezidishiwa protini. Wengi wa wateja wangu wenye nywele nyembamba wanapotea njia hapa: kila Jumamosi yai, kila Jumamosi mayonezi. Yai kwa kweli halifanyi mengi, maana protini yake ni kubwa mno kupenya ndani ya unywele. Inayofanya kazi ni ile iliyovunjwavunjwa. Kwenye chupa za Kifaransa tafuta neno "hydrolysée". Mara moja kwa mwezi au miezi miwili, na baada yake kondishona ya kulainisha. Yai lile mpe mtoto ale.

Pasi ya nywele sitaizungumzia sana. Unywele mwembamba unaiva haraka, na ukiiva mkunjo wake haurudi. Ukitaka kunyoosha, rudi kwenye uzi mweusi, kama bibi zetu walivyotusuka: gawa, zungusha uzi kuanzia shinani hadi nchani, lala nao, asubuhi fumua. Shinani usikaze. Uzi unapaswa kuongoza nywele, si kuzinyonga.

Halafu kuna kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa inakauka na vumbi letu jeusi linapanda. Mji huu umejengwa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na tangu hapo tunakanyaga mawe yake kila siku. Mawe yakisagika yanatoa punje zenye kona kali. Zikikaa kati ya nywele kavu na kitenge, halafu ukapanda pikipiki hadi mtaa wa Majengo upepo ukipiga, ni kama kusugua kwa msasa. Wakati huo nywele ndefu zisining'inie nje. Zisuke mikia miwili mikubwa, zikunje ndani, funga kwanza kitambaa laini, kitenge kije juu yake.

Usiku ni vivyo hivyo. Pamba inanyonya unyevu na inakwaruza. Huna haja ya kununua kofia ya bei. Mpelekee fundi cherehani bitana ya gauni la zamani, ile ya satini, akushonee kofia pana yenye mpira usiobana. Fundo la kitambaa lisikae kwenye paji la uso kila usiku mahali pamoja.

"Zinalala. Zimeshikamana kama majani yaliyonyeshewa."

Umeosha jana, leo zimelala kichwani, ngozi inaonekana kila upande, na ukizishika zina uzito usioueleza. Hapa kuna washukiwa wawili, na kucha yako inatosha kuwatenganisha. Kwaruza unywele mmoja kuanzia juu hadi chini. Ukipata utando mweupe chini ya kucha, ni mabaki ya sabuni na krimu. Usipopata, bana fungu la nywele kati ya karatasi nyembamba. Doa linalopitisha mwanga ni mafuta.

Utando mweupe una hadithi yake hapa kwetu. Maji ya bomba ya Goma yanavutwa kutoka ziwani, na maji ya Kivu yamejaa chumvi za magnesi na bikaboneti. pH yake (kipimo cha uchachu, ambapo 7 ni katikati) juu ya ziwa iko karibu na 9. Ndiyo maana sabuni ya kipande inatoa povu kwa shida na inaacha ukoko kwenye ukingo wa beseni. Ukoko huo huo unabaki kwenye nywele. Mwenye nywele nene anaweza kukaa miezi bila kuuona. Kwenye unywele mwembamba, mara tatu tu za kuosha zinatosha kuulaza. Watu wanadhani nywele zimekauka, wanaongeza mafuta juu ya ukoko, na sasa wana matatizo mawili.

Acha sabuni ya kipande kwa nguo. Tumia shampuu, na mara moja kwa mwezi iwe ile iliyoandikwa EDTA kati ya viungo vyake, kwa sababu EDTA inashika zile chumvi na kuondoka nazo. Suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua. Mvua ikianza, iache kwanza ioshe bati, kwa kuwa kilichotua huko juu ni vumbi na moshi wa volkano yetu, Nyiragongo. Weka bidoni, yaani dumu, baada ya robo saa. Kama hakuna mvua, kijiko kimoja cha mezani cha siki ndani ya nusu lita ya maji, mimina kwenye nywele, subiri dakika moja, suuza. Siki tupu isiguse kichwa.

Mshukiwa wa pili ni mafuta, na hapa nitawaudhi baadhi ya mama zangu. Mafuta ya nyonyo hayakuzi nywele. Ni mazito kama asali, yanazipa mng'ao, na kwenye nywele nene yanaziba vizuri unyevu. Kwenye kichwa chetu yanagandisha nywele kumi ziwe moja, na nywele kumi zikiwa moja, ngozi inaonekana mara kumi. Siagi ya karite (shea) pia ni nzito. Kiasi cha punje ya haragwe kwenye ncha tu. Mafuta yanayosaidia kweli ni ya nazi, kwa sababu yanapenya ndani na kupunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Nusu kijiko cha chai, usiku kabla ya kuosha, kichwa kizima. Baada ya kuosha, matone matatu ya mafuta mepesi viganjani, yasugue mpaka viganja ving'ae tu, kisha pitisha kwenye ncha. Ngozi ya kichwa ina mafuta yake.

Na osha. Kila siku saba hadi kumi. Kukaa mwezi bila kuosha eti nywele zikue, hiyo ni mila ya nywele nzito.

"Njia zimepanuka, na pembeni zinarudi nyuma."

Mazungumzo yanaanza hivi saluni yoyote ya Birere: "Mama, nywele yako iko kidogo sana, tuongeze meshi?" Meshi ni nywele za bandia za kusukia. Msusi hana nia mbaya. Anaona ngozi, anataka kuifunika. Lakini fikiria pale chini: nywele chache, kila moja nyembamba, zimepewa kubeba meshi nzito kuliko zenyewe, mchana na usiku, wiki nane. Kadiri zinavyokua, uzito unasogea mbali na ngozi na kuvuta zaidi. Shina linachoka. Miezi ya kwanza linapumzika na kurudi. Likivutwa miaka, linakufa, ngozi inakuwa laini na kung'aa, na hapo hata mimi sina la kufanya.

Dalili zinakuja mapema kwa anayetaka kuziona. Vipele vidogo kwenye mstari wa paji. Ngozi iliyoinuka kama hema pale msuko unapoanzia. Kushindwa kulala upande mmoja. Ukilazimika kumeza parasetamoli usiku wa kusukwa, msuko huo umebana mno, na hautalegea kwa kuuzoea. Kinacholegea ni shina. Sema ukiwa bado kwenye kiti, kwa heshima: "Mama, samahani, hizi nne za mbele zinanivuta, tuzifumue tuzianze upya?" Msusi mzuri atafumua. Mwingine atakuambia uvumilie, na huyo umlipe, umshukuru, usirudi.

Kwa kichwa chetu nasuka bila meshi, au meshi kidogo isiyopita mabega. Misuko iwe ya wastani: midogo sana kila mmoja unashika nywele zisizotosha, mikubwa sana inafungua njia pana. Njia nachora za kupindapinda badala ya mistari iliyonyooka, maana jicho linafuata mstari ulionyooka na kuiona ngozi yote. Nywele za ukingo wa mbele naziacha nje. Wiki nne, mwisho sita, halafu mapumziko ya wiki mbili.

Piga picha ya paji na pembeni kila tarehe moja ya mwezi, ukisimama pale pale. Kioo kinadanganya kwa sababu unajiona kila siku.

"Zinatoka kwa wingi, na zote zina kipunje."

Kabla ya kuogopa: ulikuwa umesuka? Mtu hupoteza nywele kama 50 hadi 100 kwa siku, na msuko unazishikilia. Msuko wa wiki sita ni siku 42, na mara 50 ni 2,100. Mara 100 ni 4,200. Zote zinatoka siku ya kufumua, na zinajaza kiganja. Hiyo ni kawaida, ingawa kwa mwenye nywele chache inaonekana kama nusu ya kichwa.

Kama hukusuka na zinatoka kila unapopitisha mkono, usiulize ulikula nini jana. Uliza kilitokea nini miezi mitatu iliyopita. Mwili ukipata mshtuko, nywele nyingi zinaingia mapumziko kwa pamoja, zinakaa humo kama miezi miwili au mitatu, kisha zinaanguka kwa pamoja. Mei 2021, volkano ilipolipuka na tukaambiwa tuuhame mji, nilitembea na watoto hadi Sake nikilala nje na kula nilichopata. Nywele hazikuanguka huko. Zilianza Agosti, nimesharudi nyumbani, nimetulia, na nikalaumu shampuu mpya. Haikuwa shampuu.

Malaria kali, homa ya matumbo, upasuaji na msiba hufanya hivyo hivyo. Kuzaa pia: mtoto akifika miezi mitatu, mama anaona zinatoka hasa mbele na pembeni, bibi anasema mtoto amemtambua mama yake. Kwa kawaida zinarudi kabla mtoto hajapita mwaka mmoja. Utaona vinywele vifupi vimesimama kwenye paji kama nyasi za mvua ya kwanza. Usivigandishe kwa jeli, viache vikue.

Zikiendelea kutoka zaidi ya miezi sita, nenda upimwe damu: wingi wa damu, akiba ya chuma na tezi ya shingo. Mwanamke anayepata hedhi nyingi huishiwa chuma kimyakimya. Maharage, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) viko sokoni, na limau au nyanya kwenye maharage inasaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya papo hapo baada ya chakula inakizuia, isubiri saa moja. Vidonge vya biotini vinamsaidia aliyepungukiwa biotini, ambaye ni nadra, na vinaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, basi ukivimeza mwambie daktari.

Mengine kwa haraka

Vifundo vidogo kwenye unywele mmoja, kama mchanga: nywele zinajizungusha zikiwa kavu na fupi. Zisuke zikiwa zimenyooka. Kifundo ukikiona, kata juu yake, usikivute.

Mtoto ana mabaka yenye magamba na nywele zimekatika usawa wa ngozi: ni mapunye. Yanatibiwa kwa dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya. Ya kupaka peke yake haifiki shinani. Na chanuo lake asitumie mwingine.

Baka la mviringo, laini, lililotokea ghafla. Au utosi unaowasha, unaouma, unaopanuka mwaka hadi mwaka: huyo simsuki. Namwambia aende hospitali wiki hiyo hiyo, kwa kuwa utosi wa namna hiyo ukishaacha kovu nywele hazioti tena.

Zinakatika kisogoni tu, kwingine ziko sawa: angalia koti. Asubuhi za Goma zina baridi, na kola ya sufu inasugua pale pale kila unapogeuza shingo. Mteja wangu mmoja alihangaika na kisogo mwaka na nusu, akabadili shampuu tatu. Tulishona kipande cha bitana ndani ya kola.